Tenda ya Magodoro na Sahani ya Idi

Hasira zangu mimi hazina mlango wa nyuma. Zikija zinatokea usoni, na mtu anaziona tangu kona ya Mtaa wa Sikukuu. Siku ninayoisimulia nilikasirika hadi nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano, na hiyo ni kazi ninayoiweza hata nikifumba macho. Padri ameshaniambia, na binti yangu Winifrida ameshaniambia, kwamba nijifunze kusahau. Nitasahau nikifa.

Wakati huo cherehani yangu ilikuwa kwenye baraza ya Hamud bin Ubeid, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Hamud alikuwa mtengeneza magodoro, kama marehemu baba yake. Mimi ni mjane wa Kichaga. Yeye Mwarabu wa Kariakoo asiyeijua Uarabuni ila kwa kusimuliwa. Kilichotuunganisha ni godoro. Yeye alichambua sufi, ile pamba nyepesi ya mti wa msufi, akaitoa mbegu, akaipiga fimbo hadi ikaumuka. Mimi nilishona mifuko ya kitambaa cha milia. Yeye alijaza, mimi nikashona mdomo. Jioni wote wawili tulikuwa weupe nywele na kope kwa vumbi la sufi, na mkewe Amna alitucheka kwamba tumezeeka kabla ya wakati wetu.

Mwaka huo ulikuwa wa njaa. Mvua zilikataa nchi nzima, unga ukawa wa foleni, sukari ikawa kitu cha kusikia tu kwamba fulani kaiona. Watu hawakununua magodoro. Mtu mwenye njaa hulala hata juu ya mkeka. Tulikuwa tumekaa hivyo, mikono mitupu, shirika moja la umma lenye ofisi zake Posta lilipotangaza tenda. Jina la shirika silitaji. Lilishabadilishwa baadaye, na mimi sina hamu ya kulifufua.

Tenda ilikuwa ya magodoro ya wodi ya wazazi, kwenye zahanati mpya iliyokuwa ikijengwa Buguruni. Nilikwenda Posta mwenyewe nikalisoma tangazo ukutani, mara mbili. Lilisema kila raia mwenye leseni anaweza kuomba. Kila mwombaji alete bahasha iliyofungwa pamoja na godoro moja la mfano. Bahasha zote zitafunguliwa siku moja, mbele ya waombaji wote, na bei zitasomwa kwa sauti. Mwenye kitu kizuri kwa bei nafuu ndiye atakayepewa, kwa kuwa fedha ni ya wananchi. Maneno safi kabisa. Nilirudi Kariakoo kwa miguu huku nacheka peke yangu.

Hamud hakucheka. "Mama Wini," alisema, "watu wenye majina kama langu siku hizi wakiomba kitu wanaulizwa babu zao walikuwa nani."

"Wewe si raia?"

"Raia."

"Baba yako amezikwa wapi?"

"Kisutu hapo, unajua."

"Basi andika bei yako."

Mimi nilikuwa mwanachama wa TANU, kadi ninayo hadi leo. Kwenye darasa la kisomo tulifundishwa kwamba katiba ya chama imeambatanishwa na katiba ya nchi, na kwamba jambo linalotangulia humo ni usawa wa binadamu. Nilisikiliza vizuri darasa lile. Sikusikia mwalimu akisema isipokuwa Hamud.

Tukaandika bei, ya chini kabisa tuliyoweza bila kumdanganya mama mzazi kwa kumjazia takataka. Hamud alitengeneza godoro la mfano kwa sufi iliyo bora kuliko zote, ile aliyokuwa ameificha kwa ajili ya harusi ya binti yake. Nilishona kingo zake mara mbili. Tulilipeleka Posta kwa mkokoteni, na kule tukayakuta magodoro ya wengine yamesimamishwa ukutani. Moja lilikuwa la Kasmir, mwenye kiwanda cha mbao Buguruni. Nililibonyeza kwa kiganja nikasikia maranda yakilia ndani. Vumbi la mbao, chini ya mgongo wa mwanamke aliyetoka kujifungua. Nikajiambia kamati ina macho.

Mwenyekiti wa kamati ya tenda alikuwa Ndugu Tarsis. Huyu alikuwa jirani yetu, nyumba yake imepakana kwa nyuma na ya Hamud, na kwa asili ni wa nyumbani kwetu Kilimanjaro. Mkewe, Josepha, yaani Mama Onesphory, nilikuwa nasali naye Msimbazi. Josepha ni mwanamke mpole, asiyeweza kupita mlangoni kwa mtu bila kuuliza watoto wameamkaje. Kila Krismasi alileta kuku wake kwa Hamud awachinje, ili nyama ikipikwa majirani wote waweze kula. Kila Idi, Amna alipeleka sahani kwa Josepha. Mambo yalikuwa hivyo tangu kabla Tarsis hajapata kiti wala tai.

Idi ikaangukia katikati, baada ya bahasha kupelekwa na kabla ya kufunguliwa. Amna alipika alichoweza mwaka ule: pilau yenye mchele wa kuhesabika, sambusa, kaimati. Alikuwa na sahani zake za kichina za maua ya buluu, za kutoka kwa mama yake, ambazo zilitoka kabatini siku ya Idi tu. Akazipanga mezani, moja kwa kila nyumba ya jirani, na makawa ya ukindu ya kufunikia. Alipofika ya nyumba ya Tarsis akasita.

"Huyu mwaka huu ndiye mwenye tenda," alimwambia mumewe. "Watu hawatasema?"

Hamud alimwangalia kana kwamba amemwuliza kama wale futari mchana. "Miaka yote tunampelekea. Nimruke jirani yangu leo kwa sababu amepata cheo? Hilo ndilo watu wangelisema."

Sahani ikaenda. Amna aliibeba mwenyewe, akampa Josepha mkononi, wakapeana mkono wa Idi, akarudi na kawa lake. Hapakuwa na la ziada.

Siku ya kufungua bahasha tulikaa kwenye viti vya mbao ofisini Posta, waombaji wote, mimi na Hamud tukiwa mstari wa mbele. Kulikuwa na mgeni mmoja, mwanamke wa makamo aliyeletwa na ofisi ya mkoa kushuhudia. Alijitambulisha kwa jina la Ndugu Tatu, akakaa pembeni na miwani yake. Tarsis alizipanga bahasha mezani kama karata. Akachukua ya kwetu, akaigeuza, akaiweka chini ya kiwiko chake bila kuifungua.

"Hii haitafunguliwa," alisema. "Mwombaji huyu alituma chakula nyumbani kwangu wakati wa kuomba tenda. Chakula nilikirudisha saa ile ile. Mimi niliapa sitapokea rushwa wala kutoa, na kiapo changu ni cha chama na ni cha nchi. Mabwanyenye wamezoea kununua watu. Hawataninunua mimi kwa sambusa. Shirika litaandika pia leseni yake ifutwe."

Watu wakamgeukia Hamud. Wengine walikuwa wateja wake. Niliona shingo yake ikiwa nyekundu kutoka kwenye kola hadi masikioni, na mikono yake, ile mikono inayopiga sufi kutwa, imelala mapajani kama ya mgonjwa. Mtu ambaye hajawahi kumpunja mtu hata kibaba cha sufi, anaitwa mtoa rushwa mbele ya watu wa mjini kwa sababu ya sahani ya Idi.

Nilisimama. Sikuomba ruhusa. "Ndugu Mwenyekiti, tangazo lenu linasema bahasha zote. Halikusema zote kasoro moja."

"Mama, kaa chini."

"Na nani amemwuliza Hamud kama ni kweli? Wewe ndiye unayelalamika, wewe ndiye shahidi, wewe ndiye unayehukumu. Hata kwenye baraza la wazee wa ukoo kwetu hawafanyi hivyo, na wale wazee wanakuwa wamelewa."

Baadhi walicheka. Tarsis akapiga meza. Hapo ndipo yule mgeni wa mkoa alipovua miwani. Alisema kwa sauti ndogo, kwa hiyo ikabidi wote tunyamaze.

"Ndugu Mwenyekiti, mama huyu kasema kwa ukali lakini kasema sawa. Hii ni mali ya umma. Mtu hatolewi kwenye tenda ya umma bila kusikilizwa, na hatolewi na yule yule anayemshitaki. Kama ni rushwa, atolewe na leseni ichukuliwe. Kama si rushwa, bahasha ifunguliwe kama za wenzake. Jumamosi asubuhi nitakuja huko Kariakoo, majirani wawepo, tusikilize. Mpaka hapo hakuna bahasha itakayofunguliwa, hata moja. Zote naondoka nazo."

Tarsis akakubali. Alikubali haraka, kama mtu anayejua kwamba hana la kuogopa, na hilo lilinichoma zaidi.

Tuliporudi, Hamud aliingia ndani moja kwa moja akaanza kupiga sufi isiyohitaji kupigwa. Nikamfuata Amna uani. Alikuwa ameinama juu ya jiko.

"Amna, niambie. Chakula kilirudi?"

"Hakikurudi." Hakuinua uso. "Wala sahani yenyewe haijarudi mpaka leo. Lakini usiseme, Mama Wini. Hamud amekataza."

"Amekataza nini?"

"Tusidai sahani. Mtu hadai sahani ya Idi."

Nilitoka uani nikamkuta yule mwanamume na fimbo yake. Nikamwambia kwamba Jumamosi aseme tu maneno mawili, sahani haijarudi, na Tarsis ataumbuka. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kama anavyosikiliza wateja wanaopunguza bei. Kisha akasema hapana. Chakula cha Idi akishakitoa hakitolei ushahidi. Baba yake hakufanya hivyo, na yeye hatasimama barazani kuhesabu matonge ya jirani.

"Basi watakufutia leseni," nikasema.

"Mungu ndiye mtoa riziki."

"Na kitambaa changu nilichokwisha kukata? Na wale wanawake wa Buguruni watakaolalia maranda ya Kasmir?"

Akainua fimbo akaendelea kupiga sufi. Nilimwita majina siku ile ambayo sitayarudia hapa, na mengine yalikuwa ya Kichaga, kwa hiyo yalimpita. Ndipo uzi ulipokataa kuingia kwenye sindano.

Jumapili iliyotangulia, kabla ya yote haya kulipuka, Josepha alikuwa amenishika mkono nje ya kanisa. Aliniuliza kama nimesikia wapi unga wa ngano unapatikana, hata wa kilo moja. Nikamwambia kwa sasa unga uko mbinguni. Akacheka kidogo, kisha akasema kuna kitu cha watu amekaa nacho muda mrefu, na sasa anaona haya hata kupita mtaa wetu. Sikuuliza ni kitu gani. Kila mtu mwaka ule alikuwa na kitu cha watu.

Jumamosi ikafika. Ndugu Tatu alikuja kwa basi, na bahasha zetu ndani ya mkoba wake. Tulimwekea kiti barazani. Tarsis alikuja na shati la mikono mifupi lililopigwa pasi, kadi ya chama mfukoni mwa kifua ikichungulia, na Kasmir nyuma yake. Majirani wakajaa hadi barabarani. Wachukuzi wakaegesha mikokoteni wakasimama kusikiliza. Amna alikaa ndani ya mlango, ushungi umeshuka hadi machoni.

Ndugu Tatu alianza na Hamud. "Ulituma chakula nyumbani kwa Ndugu Tarsis?"

"Nilituma."

"Kwa sababu gani?"

"Ilikuwa Idi."

"Ulituma kwake peke yake?"

Kabla hajajibu, majirani wakajibu. Mmoja akasema hata mimi nilipata, mwingine akasema hata mimi, na mama mmoja wa nyumba ya tatu akasema zake ndizo zilikuwa kaimati chache kuliko za wengine. Watu wakacheka. Hata Ndugu Tatu alitaka kucheka.

"Hilo si kitu," alisema Tarsis. "Majirani hao hawana tenda mkononi. Kwa mwenye tenda, chakula ni kitu kingine. Ndiyo maana mimi nilikirudisha."

"Ndugu Hamud," akauliza Ndugu Tatu, "chakula kilirudi? Hapa ndipo penye neno. Mwenyekiti akikila halafu akaja kukushitaki, ni jambo moja. Akikirudisha, ni jambo jingine, inabidi nimsikilize."

Hamud akatazama sakafu. "Sina la kusema juu ya chakula cha Idi."

"Unajua kwamba ukinyamaza nitachukua neno lake?"

"Najua."

Nikasimama tena. Nilisema kwamba chakula hakikurudi na sahani haijarudi, kwamba sahani za Amna ni za seti moja na moja haipo kabatini, aje aone kwa macho yake. Tarsis akatabasamu. Akasema sahani huvunjika. Akasema pia kwamba mimi ni mshirika wa Hamud kwenye tenda hiyo hiyo, kwa hiyo ushahidi wangu una tumbo. Ndugu Tatu akaniambia kwa upole kwamba hilo ni kweli, nina maslahi.

"Maslahi yangu nimeyakalia hadharani," nikasema. "Cherehani ile pale, kila mtu anaiona. Na yeye je? Kasmir ni mtoto wa shangazi yake. Amelisema hilo Posta? Ameliandika popote? Mimi nina maslahi ya kushona, yeye ana maslahi ya ukoo, halafu mimi ndiye ninayeambiwa nikae."

Ndugu Tatu akamgeukia Tarsis. "Ni kweli?"

"Udugu si kosa, Ndugu."

"Kuuficha ni kosa. Hilo nitalirudia. Lakini kuhusu chakula, bado ninalo neno lako tu, na mwenzako hataki kukupinga."

Tarsis akatoa kadi mfukoni. Akaiinua juu ili hata wachukuzi waione. "Naapa kwa kadi hii. Chakula kile kilirudi na sahani yake saa ile ile, hata kawa halikufunuliwa."

Nilimtazama Hamud, nikaona anazungusha fimbo yake ya sufi vidoleni. Leseni yake, ya kazi aliyoirithi kwa baba yake, ilikuwa imetundikwa ukutani nyuma ya kichwa chake, kwenye fremu. Nilitaka kumtikisa hadi maneno yadondoke.

"Hodi jamani," ikasema sauti kutoka nyuma ya watu. "Mbona mmejaa hivi, kuna msiba?"

Watu wakapisha. Alikuwa Josepha. Ameshika kitu kwa mikono miwili, kimefunikwa kawa, na kanga ya kichwani imelegea kwa haraka aliyokuja nayo. Hakumwona mumewe, alikuwa anamtafuta Amna mlangoni, na uso wake wote ulikuwa ni haya.

"Dada Amna, nisamehe. Nimekaa na sahani yako mpaka nakwepa mtaa. Lakini ningeirudishaje tupu? Leo nimesimama foleni tangu alfajiri nikapata unga, na sukari kidogo. Ni maandazi tu. Yakiwa magumu ni huu unga wao."

Akafunua kawa ili Amna aone. Maandazi yalikuwa yanatoa mvuke. Ukingoni kulikuwa na maua ya buluu.

Josepha akamwona Tarsis na kadi yake hewani.

"Mama Onesphory," nikamwambia, maana sikutaka aingizwe kwenye jambo bila kulijua, "mumeo anasema Hamud alimhonga kwa chakula cha Idi, na kwamba mlikirudisha bila kuonja, na sahani yake. Leseni ya Hamud itafutwa. Huyu mama ni wa mkoa, amekuja kuamua."

"Josepha," Tarsis akasema taratibu, "waambie. Sahani ya Hamud tuliirudisha siku ile ya Idi. Hiyo ni nyingine."

Ndugu Tatu akamwuliza. "Mama, sahani hiyo ni ya nani?"

Sasa sikilizeni alichofanya Hamud. Mtu huyu, aliyekuwa anakaribia kupoteza kazi ya baba yake, aliyeletewa wokovu hadi mlangoni ukiwa bado wa moto, alisimama na kusema, "Si yetu. Mama Onesphory amekosea nyumba. Sahani zetu zote zimo ndani."

Nilishika ukingo wa cherehani ili nisimrukie. Nilimwelewa, na kumwelewa ndiko kulikonipandisha hasira zaidi. Alikuwa ameuona uso wa Tarsis akimwangalia mkewe. Alikuwa anampa Josepha mlango wa kutokea, na mlango wenyewe alikuwa anaung'oa kwenye nyumba yake.

Josepha naye aliuona. Alimtazama Hamud, akamtazama mumewe. Angeweza kugeuka na sahani yake akaondoka, na sote tungejua, na isingesaidia kitu. Sahani ikamwinamia mikononi, andazi moja likateleza likaanguka kwenye sakafu ya baraza.

"Ni yao," alisema. "Dada Amna aliniletea mwenyewe jioni ya Idi. Nilikula mimi, watoto walikula, na huyu baba yao alikula sambusa zote peke yake, akaniuliza kama kaimati zimebaki."

Siku nyingine watu wangecheka.

"Josepha," Tarsis akasema.

"Kila mwaka tunakula, Baba Onesphory. Mwaka huu kimekuwa nini?"

Tarsis alirudisha kadi mfukoni. Iligoma kuingia, akaisukuma. Ndugu Tatu akavaa miwani yake. "Ndugu Tarsis, kwenye tenda hii huna kiti tena. Juu ya kiapo ulichokula hapa nitazungumza na wakubwa wako. Bahasha ya Ndugu Hamud itafunguliwa Jumatatu pamoja na zote, mbele ya waombaji wote, na bei nitazisoma mimi."

Zilifunguliwa. Magodoro ya Buguruni tuliyashona sisi, kwa sufi. Tarsis hakufukuzwa. Alihamishiwa mkoa mwingine, na nasikia kiti alichopewa huko kilikuwa kikubwa kuliko alichoacha. Mkinisikia nasaga meno peke yangu kazini, ni hilo.

Lakini nirudi barazani. Tarsis alishuka kwenye ngazi, akageuka. "Twende nyumbani," alimwambia mkewe. Hakupaza sauti. Sote tulijua sauti ile ni ya namna gani.

"Tangulia," Josepha akasema.

Akatangulia, na Kasmir nyuma yake. Ndugu Tatu alifuata basi lake, watu wakatawanyika, mikokoteni ikaondoka. Nikamgeukia Hamud. Maneno nilikuwa nayo tayari, yote.

"Ulitaka kutuzamisha wote. Kwa ajili ya nini?"

"Mama Wini," alijibu, "leo Mama Onesphory atalala nyumba gani?"

Swali lile lilinikasirisha zaidi ya kila kitu cha siku ile. Nilimkasirikia Hamud kwa sababu alikuwa sahihi. Nilimkasirikia Tarsis, na tangazo lao zuri la ukutani, na nchi yenye viapo vingi ambayo ilibidi ingojee mwanamke apate unga ndipo mtu mmoja asikilizwe.

Josepha alikuwa bado amesimama pale pale, ameshika kawa tupu. Amna alikuwa amempokea sahani. Hakuipeleka ndani. Aliiweka katikati ya baraza, akaokota lile andazi lililoanguka, akalipuliza vumbi, akalila yeye. Akaleta chai ya rangi isiyo na sukari na vikombe vinne.

"Kaa tule, dada," alisema.

Nikasukuma mifuko ya magodoro pembeni ya benchi, Josepha akakaa. Hakuna aliyemwuliza atakaa mpaka lini.